Mwamvua Hakuweka Taa Chini

Asubuhi ile Mwamvua alikuwa amekaa mlangoni juu ya kiti chake kifupi, anasugua chemni ya kandili kwa jivu. Chai ilikuwa jikoni. Mihogo ya jana ilikuwa inapashwa moto. Mimi nilikuwa natafuta kofia.

"Iko juu ya kichwa yako," alisema.

Nikagusa. Ilikuwa kichwani kweli.

"Shofere muzima," alisema. "Na watu walikuwa wanapanda kamyo yako bila woga."

"Woga walikuwa nao. Walipanda tu."

Hakucheka. Aliinua chemni mbele ya jua, akafumba jicho moja, akatafuta uchafu. Chemni ile ni nyekundu. Wekundu ukamwangukia shavuni. Halafu akachungulia ndani ya kandili yenyewe.

"Baba Wema, utambi umekwisha. Umebaki kama meno yangu."

"Nitaangalia mu soko."

"Usiangalie. Ulete."

Nikaenda. Duka la kwanza kijana akaniuliza utambi ni kitu gani. Duka la pili wakanionyesha taa za jua, zile unazianika juani kama ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Nikazunguka mtaa wetu wote wa Kasenga. Nikaupata kwa mama mmoja muuza chumvi, alikuwa nao chini ya sanduku, umefungwa ndani ya karatasi ya miaka mingi. Aliniambia, "Hii ni kwa Mwamvua." Hakuuliza. Alijua.

Niliporudi, Mwamvua alikuwa amelala juu ya mkeka, saa ambayo hakuwa na desturi ya kulala. Mkono ulikuwa ubavuni. Binti yetu Wema alileta pikipiki, tukamfikisha hospitali, wakafanya walichoweza. Hakuona ule utambi. Ijumaa tulimzika.

Watu walikuja matanga kwa wingi. Wengine kwa miguu, wengine kwa pikipiki, wengine na magari yao kutoka Sange na hata ng'ambo ya mpaka. Nyumba yetu iko pale barabara inapopinda. Magari yakapangwa kwenye kona, tako moja ndani ya barabara. Jua likazama. Stima ilikuwa imekatika tangu mchana. Nikatia utambi mpya, nikawasha kandili, nikatoka nayo.

Mkwe wangu, mume wa binti yetu wa mwisho, akanifuata. Ni kijana mzuri. Gari lake lina taa zinazokonyeza zenyewe.

"Baba, leo uache. Ni siku ya msiba."

"Ndiyo maana."

"Gari iko pembeni kabisa, baba."

"Pembeni ya nani?"

Halafu akaenda kuwasha zile taa zake zinazokonyeza. Mimi nikatundika kandili nyuma ya gari la mwisho, nikarudi kukaa.

Pale mkekani nikasikia mtu anasema, "Mwamvua alikuwa mama muzuri, lakini kichwa ngumu. Juu ya taa ile angegombana na serikali."

Aligombana nayo. Aligombana na zaidi ya serikali. Wanaosema alikuwa na kichwa kigumu wasiseme kwa sauti ya chini, kama wanamficha. Mimi sikusoma, maneno yangu ni machache. Nitasema yote kwa sauti ya juu.

Mwamvua alizaliwa hapa Uvira, kwa watu waliokuja zamani na biashara ya ziwa, wakajenga msikiti, wakabaki. Baba yake aliuza chumvi na vitambaa. Yeye aliuza ndagala. Alizinunua mbichi mwaloni, akazianika juu ya mchanga, akazigeuza kwa mkono mpaka mkono wenyewe ukanuka ndagala hata siku ya Idi. Nilimwoa nikiwa shofere wa kamyo ya Mgiriki mmoja. Siku ya kwanza aliniambia kamyo inanuka kuliko yeye. Tukaelewana.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Kitenge. Kitenge alikuwa na baiskeli. Alipakia ndagala za dada yake, akazipeleka soko la Sange, akarudi na mchele. Kwenda na kurudi ni mbali, na jua la uwanda wa Ruzizi ni kali, kwa hiyo alikwenda kabla ya kupambazuka, akalala Sange, akarudi kabla ya kupambazuka. Dinamo ya baiskeli yake ilitoa mwanga kama wa sigara. Alikuwa anaimba njia nzima ili fisi wajue anapita. Mwamvua alimwambia fisi watakimbia si kwa woga bali kwa aibu.

Sasa niseme habari ya taa za magari, ili mtu asipotee.

Wakati wa Wabeleji kulikuwa na sheria. Gari likisimama barabarani usiku, lazima lionekane. Nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Magari yalikuwa na taa ndogo za kazi hiyo, sisi mashofere tuliziita veyezi. Lakini batri zetu zilikuwa za kizee. Ukiacha veyezi usiku mzima, asubuhi kamyo haiamki, unasukuma mpaka moyo unatoka. Kwa hiyo kila shofere alikuwa na kandili moja ya chemni nyekundu ndani ya sanduku la vyombo. Kamyo ikiharibika, unakata majani unaweka barabarani, unawasha kandili, unaitundika nyuma. Usipofanya hivyo polisi anakukuta, unalala kasho, mahabusu yao, na asubuhi unakula fimbo. Hatukuiwasha kwa mapenzi. Tuliiwasha kwa sababu ya fimbo.

Halafu uhuru ukaja. Uvira tulicheza ngoma mpaka miguu ikavimba. Mashofere tulikaa pamoja karibu na soko, na mwenzetu Léopold akasimama na chupa mkononi. Léopold alikuwa mcheshi, watu walimpenda. Alisema, "Bana, tangu leo kamyo yangu ikilala, ilale gizani, kama muntu mwenye nyumba yake. Mwenye kunifunga juu ya kandili amepanda ndege, amekwenda kwao." Tukapiga makofi. Wengi walifanya hivyo. Ile taa nyekundu ilikuwa imenuka fimbo miaka mingi. Kuiacha bila kuwasha ilikuwa kama kuvua kiatu kinachobana.

Mvua za kwanza za mwaka ule ule, kamyo ya Léopold ilipasuka mpira njiani, upande huu wa Sange. Giza likamkuta. Akaiacha pale pale, katikati ya upande wake, bila majani, bila taa, akaenda kulala kwa dada yake kijijini. Kitenge alikuja alfajiri na baiskeli, mbio, mteremko, anaimba.

Waliomkuta walisema mchele ulikuwa umemwagika mpaka mtaroni.

Siku ya matanga Léopold alikuja na wazee wa kwao na mbuzi. Huku kwetu mbuzi yule akipokelewa, maneno yamekwisha. Akikataliwa, ni vita ya ukoo na ukoo. Wazee wakakaa. Mbuzi akafungwa kwenye mti. Léopold alikuwa ameinama, ile midomo ya utani imekauka.

Mwamvua akatoka kwa wanawake, jambo ambalo halifanywi, akasimama mbele ya wanaume.

"Mbuzi urudishe," alisema.

Wazee wakashtuka. Baba yake akamwambia, "Binti yangu, rudi ndani. Hii ni kazi ya wazee."

"Sikatae amani, baba. Nakataa mbuzi." Akamgeukia Léopold. "Siku ile ulikuwa na kandili?"

Léopold akatazama mbuzi.

"Nakuuliza weye. Ulikuwa nayo ao hapana?"

"Ilikuwa mu sanduku."

"Na mafuta?"

"Na mafuta."

"Basi ulete hiyo. Mbuzi tutakula leo, kesho ni mifupa."

Mzee mmoja wa upande wa Léopold akajaribu kumtetea. Akasema, "Mama, ile taa ilikuwa amri ya Wabeleji. Watoto walifikiri imekwenda nao."

Mwamvua akasema, "Wabeleji walikwenda na bendera yao. Giza walituachia."

Léopold akaenda kwa miguu, akarudi jioni na kandili. Aliiweka mbele ya Mwamvua kwa mikono miwili. Ndiyo hii hii. Chemni yake nyekundu haijawahi kuvunjika.

Tangu hapo gari lolote likilala kwenye kona yetu, Mwamvua alitoka na kandili. Hakuuliza la nani. Alianza na kamyo, akaja kwenye mikokoteni, akaja kwenye rundo la mchanga la watu wanaojenga. Mashofere walimcheka. Walimwita "polisi wa kike." Mmoja alimwambia, "Mama, ulibaki peke yako wa kumtumikia Mubeleji." Akamjibu, "Na weye ulibaki peke yako wa kulala huku mutu anakulinda. Lala basi."

Vijana wa chama walikuja siku moja mchana, na beji vifuani. Walisema kuwasha taa ile ni kurudisha ukoloni. Mwamvua alikuwa anageuza ndagala. Hakuinuka.

"Sheria ya ukoloni sijue," alisema. "Minye najua Kitenge. Na mukisimama hapo munaziba jua ya ndagala zangu."

Walisogea.

Nchi haikutulia. Waasi, kisha jeshi la serikali, kisha vita nyingine, kisha nyingine. Kila aliyekuja na bunduki alikuwa na neno kuhusu taa ya Mwamvua. Sitasema zote. Nitasema ya waasi tu, kwa sababu mwisho wake nilikuwapo.

Waliingia Uvira mwaka wa sitini na nne, mwezi wa tano. Wengi walikuwa vijana wa huku huku, tuliwajua kwa majina. Walikuwa wamechanjwa na kumwagiwa maji ya dawa ili risasi isiwaingie. Dawa ilikuwa na miiko. Mwiko mmoja ulikuwa huu: mpiganaji asiguswe na mwanamke, wala asipokee kitu kutoka mkononi mwake. Akipokea, dawa inakufa, naye anakufa nayo. Mwiko huo waliushika sana. Wanawake wa Kasenga walizoea haraka. Mpiganaji akitaka maji, unaweka kopo chini, unarudi nyuma, ndipo anachukua. Hata mama zao waliwafanyia hivyo.

Mkubwa wao kwenye kona yetu alikuwa Libérat. Kabla ya vita alikuwa anaziba mipira ya baiskeli pale Sange. Mwembamba, sauti yake ya polepole. Walikamata kamyo ya mbao iliyokufa injini, wakaisukuma mpaka kwenye kona, wakaiegesha ikafunga nusu ya barabara. Ndiyo ikawa barière yao, kizuizi cha barabara. Mbao zilitoka nyuma ndefu, kama mikuki, kimo cha kioo cha dereva. Na amri ikatoka: usiku hakuna mwanga, hata wa sigara. Walikuwa wanaogopa ndege.

Mimi walinichukua pamoja na kamyo ya Mgiriki. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Tulipaka matope kwenye taa kubwa, tukaacha tundu la kidole. Wakanituma uwandani, ng'ambo ya kijiji cha Mutarule, kubeba majeruhi wao. Nilipoondoka, ile kamyo ya mbao ilikuwa haijawekwa pale kwenye kona. Mwamvua aliniuliza nitarudi lini. Nikamwambia siku watakaponiruhusu, na itakuwa usiku, kwa sababu mchana ndege zinapiga.

Kwa hiyo alijua mambo mawili. Mume wake atakuja usiku, karibu kipofu. Na nyuma ya ile kona kuna mbao ambazo mume wake hazijui.

Yaliyofuata kabla sijarudi aliniambia jirani yetu Agathe, aliyeona kila kitu. Mwamvua mwenyewe alikuwa anafupisha.

Jioni ya kwanza aliwasha kandili akaiweka chini, nyuma ya mbao, akaingia ndani. Kijana mmoja mpiganaji akaja, akaizima, akaichukua. Asubuhi Mwamvua akamfuata Libérat, aliyekuwa amekaa kwenye baraza la duka lililofungwa.

"Naomba taa yangu."

"Taa yako inaita ndege, Mama Wema."

"Nitaivalisha kofia. Bati juu, itazame barabara tu. Ndege haina macho ya kuangalia chini ya kofia."

"Amri ni amri. Hakuna mwanga."

"Weye ni Libérat wa mipira. Ulikuwa unamzibia mudogo wangu Kitenge."

Libérat akatazama pembeni. "Nilimzibia."

"Basi unajua kilichomuua."

"Najua."

"Na hii ndiyo taa ya kilio yake. Si yako, si ya ndege. Unirudishie."

Libérat akaingia dukani, akatoka na kandili. Akaiweka chini, akarudi nyuma, ndipo Mwamvua akaichukua.

"Uifiche ndani," alimwambia. "Nikiiona tena barabarani, sitakurudishia."

Agathe anasema Mwamvua alisimama pale na kandili mkononi, anatazama ile nafasi tupu kati yake na Libérat. Aliitazama kwa muda. Halafu akatabasamu kidogo, akaenda kutafuta bati.

Jua lilipozama alitoka. Kandili ilikuwa inawaka, imevaa nusu ya kopo la mafuta juu kama kofia. Akapita mbele ya wapiganaji, akaenda nyuma ya zile mbao, akasimama. Hakuiweka chini. Aliishika mkononi, mkono umening'inia, mwanga unatazama njia ya Sange.

Yule kijana wa jana akaja mbio. Akafika karibu, akasimama ghafla kama aliyefika ukingoni mwa maji.

"Mama, weka chini."

"Siweki."

"Weka chini, nichukue."

"Njoo uchukue hapa mukononi."

Kijana akarudi nyuma. Wenzake wakaja. Wakamzunguka, lakini kwa mbali, kama watu wanaozunguka mzinga wa nyuki. Mmoja akaokota fimbo ndefu aipige kandili. Mwamvua akaifumbata kifuani. Akamwambia, "Piga. Fimbo ikinigusa, mukono wako uko upande wa pili wa fimbo. Mganga wenu alisema nini juu ya fimbo?"

Wakaanza kubishana wao kwa wao. Wengine wakasema fimbo si mkono. Wengine wakasema hawataki kujaribu. Yule mwenye fimbo akaitupa.

Libérat akaja na bunduki. Akaielekeza. Agathe anasema yeye pale alifumba macho, akamwita Bikira.

"Mama Wema, minye siwezi kukugusa. Lakini risasi si mukono."

"Najua," alisema Mwamvua. "Basi upige. Minye nitaanguka, taa itaanguka, mafuta itamwagika mu mbao. Itawaka Kasenga yote, na rubani ataona mupaka na ndevu zako."

Mpiganaji mmoja akacheka. Ilimtoka tu. Libérat akamtazama, naye akaacha kucheka.

"Unasimamia nini?" Libérat aliuliza. "Juu ya bwana yako?"

"Bwana yangu iko mu njia. Amebeba wagonjwa wenu. Taa zake mulizipaka matope. Weye ungekuja vipi kwa ile kona?"

Libérat akapanda juu ya kamyo ya mbao, akatazama chini ilipo kandili. Kofia ilikuwa imefunika. Akashuka, akaenda barabarani kuelekea Sange, akageuka akatazama tena. Halafu akarudi akakaa kwenye baraza lake. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Aliweka bunduki magotini.

Basi Mwamvua akasimama. Ilipofika swala ya isha, mkono ulikuwa umechoka. Agathe, Mkatoliki, jirani ambaye walikuwa wameshagombana naye juu ya kuku mara nyingi, akatoka nyumbani kwake.

"Nipe, uende ukasali."

"Usiweke chini."

"Nilikuwa hapa tangu mwanzo. Nina macho."

Taa ikahama mkono. Mwamvua akasali, akamnyonyesha Wema, akarudi. Kesho yake wakatoka wanawake wengine. Walipokezana. Mmoja aliishika huku anasuka mkeka kwa mkono mwingine na vidole vya miguu. Mmoja mzee sana aliletewa kiti, akaishika akiwa amekaa, anawaambia wapiganaji habari za babu zao, habari ambazo hawakutaka kusikia. Vijana wakabaki kwenye baraza wanatazama taa ambayo hawawezi kuipokea. Mchana waliwekewa chakula chini kama kawaida. Usiku taa haikuwekwa.

Agathe aliniambia kilichomshangaza. Watu walianza kupita tena. Akina mama wa ndagala, watu wa baiskeli, waliokuwa wanalala njiani kwa kuogopa ile barière. Walikuwa wanaiona nyekundu kwa mbali, wanapunguza mwendo, wanapita pembeni ya mbao, wanasema, "Kazi njema, mama." Hata wapiganaji wenyewe walipotoka doria walikuwa wanaitafuta kwa macho.

Sasa nifike kwangu.

Usiku ule nilikuwa natoka uwandani na majeruhi nyuma. Walikuwa wanalia kila gurudumu lilipoingia shimoni, na mtu mmoja pembeni yangu mwenye bunduki alikuwa ananiambia niongeze mwendo. Lile tundu la matope lilikuwa linaniangazia pua ya kamyo tu. Batri ilikuwa inakufa. Nilipita Sange, nikafika karibu na nyumbani. Ile kona niliijua kama mlango wangu. Nilijua kwamba iko wazi. Kwa hiyo nikaongeza mwendo.

Mbao sikuziona. Kamyo yao sikuiona. Niliona nukta nyekundu, chini, kimo cha kiuno cha mwanamke. Ilikuwa inacheza kidogo. Taa iliyofungwa kwenye gari haichezi vile. Inacheza hivyo ikiwa mkononi, tena mkono uliochoka. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Kamyo ikaserereka. Ilipotulia, ncha za mbao zilikuwa mbele ya kioo, upande wangu na upande wa yule mwenye bunduki. Ningenyoosha mkono ningezishika. Nyuma watu walikuwa wanalia na kutukana. Walikuwa hai wote, ndiyo sababu walitukana.

Nikashuka. Mwamvua alikuwa amesimama upande wa mtaro, kandili mkononi, kanga begani. Alinimulika usoni.

"Kofia yako iko wapi?" aliniuliza.

"Imeanguka ndani."

"Itafute. Utapata baridi."

Basi. Niliegemea mbao.

Libérat alikuja. Alitazama pua ya kamyo yangu. Alitazama zile ncha za mbao. Alipanda nyuma, akawatazama majeruhi wake mmoja mmoja, akawaita majina. Aliposhuka alikuwa anatembea kama mtu aliyezeeka. Akaja mpaka mbele ya Mwamvua, akasimama pale mwiko unaporuhusu. Aliongea kwa adabu, kama anaongea na dada yake mkubwa.

"Mama Wema, umeshinda. Bwana yako amefika, iko muzima. Sasa weka chini hiyo taa, uende kulala. Hatutaichukua. Tutaizima tu."

Mwamvua alihamisha kandili kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Aliinyanyua kidogo, ikatazama njia ya Sange. Alisema:

"Wa kwangu amefika. Wa wengine wangali mu njia."